Mama Magogo wa Kyimo

Katika miaka yake hamsini na miwili, Esnath wa Kyimo alikuwa amepigwa picha mara tatu tu: siku ya kipaimara, siku ya harusi, na siku ya kitambulisho cha taifa, ambapo alitoka amefumba jicho moja. Hakuwa mtu wa picha. Alikuwa mtu wa chai, ndizi na sauti. Kwaya ya usharika ilimweka mstari wa nyuma kabisa, na bado mwalimu wa kwaya alimwomba kila Jumapili apunguze kidogo.

Shamba lake la chai lilikuwa ng'ambo ya kijito cha Kasebe, na banda la kununulia majani lilikuwa ng'ambo ya huku. Daraja la zamani lilikwenda na maji miaka minne nyuma. Tangu hapo watu walivuka juu ya magogo mawili ya mlingoti, ule mkaratusi, na kwa mvua za Rungwe, magogo hayo yaliteleza kama sabuni karibu mwaka mzima. Mwezi Mei jirani yake, Joyce, alianguka pale na kikapu chake mgongoni, na mguu wake wa kulia haukunyooka tena vizuri.

Basi zikaja kampeni. Mgombea mmoja wa ubunge alifika Kyimo na spika kubwa kama kabati, na pembeni yake alikuwa mchekeshaji kutoka Dar es Salaam anayejiita Bosi Tabasamu, kijana wa kofia ya manyoya ambaye kila mwenye simu alimjua. Uwanja ulifurika. Mgombea alijua vizuri watu wamemfuata nani, wala hakununa. Alivua koti akacheza na kijana, tumbo likitikisika, akina mama wakipiga vigelegele. Bosi Tabasamu akaruka chini ya jukwaa na kipaza sauti chake, akasimama mbele ya mama wa kwanza aliyemwona.

"Mama yangu mzuri, umefurahi leo?"

"Nimefurahi sana, mwanangu," Esnath akasema. Hakuhitaji kipaza sauti, lakini alikuwa amekwisha kuwekewa mdomoni. "Huyu baba amecheza vizuri. Sasa tumpeleke Kasebe, akacheze kwenye magogo! Tumbebeshe kilo thelathini za chai mgongoni. Akivuka, kura yangu aichukue leo leo, asisubiri siku ya uchaguzi."

Uwanja mzima ulilipuka. Mgombea naye alicheka, kwa sababu angefanya nini? Esnath akarudi nyumbani akapika ndizi, akajua yamekwisha.

Kesho yake asubuhi Tulia, binti yake, akapiga simu kutoka saluni anakofanya kazi, mtaa wa Bagamoyo, mjini Tukuyu.

"Mama! Umetrendi!"

"Nimefanya nini?"

"Uko kwenye simu za watu, Mama. Nchi nzima. Wamekuwekea na biti!"

Ilikuwa kweli. Ndani ya wiki moja vijana wa Tukuyu, Mbeya, hata Mwanza walikuwa wanacheza juu ya magogo, juu ya mabenchi, juu ya kingo za mifereji, huku sauti ya Esnath ikitangulia: akacheze kwenye magogo! Siku ya soko, bodaboda walimpigia honi. Muuza viazi alimwongezea sado nzima. Msichana mmoja wa Mpuguso, ambaye hakuwahi kumwona maishani, alimkumbatia akalia. Redio moja ya Mbeya ilimpigia simu, mtangazaji akamwita "shujaa wetu Mama Magogo," na Esnath akajikuta anajibu kwa sauti ya upole ambayo hata yeye hakujua anayo.

Tuseme ukweli: alipenda. Alianza kuvaa kitenge kizuri hata akienda kisimani.

Mumewe, Ambindwile, alikuwa anamtazama tu. Yeye alikuwa mtu wa kizazi kingine kwa mawazo, ingawa walizidiana miaka sita tu. Kwake shujaa alikuwa marehemu Mwalimu Abrahamu, aliyetembea kwa miguu hadi Mbeya mara mbili kufuatilia mabati ya shule, na mara ya pili akarudi nayo.

"Huyo mwalimu nani alimpiga picha?" Tulia alimuuliza siku aliyokuja kutembea.

"Hakuna."

"Sasa baba, tutajuaje alikwenda?"

"Ulisoma chini ya mabati hayo miaka saba," Ambindwile akasema. "Uliona yanavuja?"

Tulia akacheka, akamwekea baba yake chai. Hakukuwa na ugomvi kati yao.

Wanasiasa nao hawakulala. Walikuja wa chama hiki na kofia, wakaja wa chama kile na khanga. Kila upande ulimwita mama yetu. Esnath akapokea kofia, akapokea na khanga, akawaambia wote ndaga fijo, asanteni sana, maana hakuona sababu ya kumnyima mtu shukrani. Mwishoni alikubali kwenda kwenye mkutano wa mpinzani wa yule mgombea aliyecheza, mjini. Walimketisha meza kuu, soda mbili mbele yake. Mshereheshaji akamtangaza kuwa simba jike wa Rungwe, sauti ya wanyonge, akamwomba aseme "ile yetu."

Akasema. Watu wakaruka, wakapiga filimbi. Wakamwomba tena, akasema tena. Mara ya tatu macho yake yakakutana na ya Joyce, ambaye alikuja na lori la akina mama wa Kyimo. Joyce alikuwa anacheka pamoja na wengine, ameegemea fimbo yake.

Esnath akakaa. Soda hakuimaliza. Tangu aanze kuitwa shujaa, alikuwa ameongea na redio, na watu wa vyama, na wageni wa sokoni, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza hayo magogo yako wapi. Na yeye, alipoulizwa kuhusu kitenge chake na chakula anachopenda, alijibu kuhusu kitenge na chakula. Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Wiki iliyofuata Bosi Tabasamu alirudi mwenyewe, bila mgombea, na vijana wawili wa kamera. Watu walikuwa wanamsema mtandaoni kwamba mama wa kijijini amemzidi kuchekesha, kwa hiyo alitaka video ya pamoja. Aliomba wasimame kwenye chai, panapendeza.

"Chai ipo ng'ambo," Esnath akamwambia. "Nifuate." Akamkabidhi kikapu chenye majani nusu tu, kwa huruma.

Kijana alifika kwenye magogo, akayatazama, akatazama maji ya kahawia yanayokimbia chini. Akavua kofia ya manyoya akampa mwenzake. Hatua ya kwanza sawa. Ya pili viatu vyake vyeupe vilikataa. Akakaa chini kwa kishindo, gogo katikati ya miguu, akavuka akijiburuta kwa makalio hadi mwisho, huku akina mama wa pande zote mbili wakicheka mpaka wanashikana mabega. Alipoinuka suruali ilikuwa ya rangi nyingine, na yeye mwenyewe hakuwa akichekesha.

"Mama, mnapita hapa kila siku?"

"Mara nne, siku ya mavuno."

Alifuta tope mikononi. Kisha akasema, "Mama yangu huko Mufindi naye anachuma chai. Lakini mimi nachekesha tu, mama. Daraja siliwezi."

"Daraja nimekuomba? Washa hicho kimashine."

Wakawasha. Na Esnath, kwa ile sauti ya mstari wa nyuma, akasema kwamba yeyote aliyewahi kucheza kwa maneno yake aje Kasebe Jumamosi na jiwe moja. Asiye na jiwe aje na mikono. Bendera zibaki nyumbani.

Tulia alikadiria watakuja watu elfu tatu. Walikuja kama themanini, na thelathini kati yao walikuja na simu tu. Lakini hamsini walikuja na mawe. Bodaboda walileta mawe kwenye viti vya abiria. Wale wa vyama walifika na bendera zao vilevile. Ambindwile akawapokea kwa heshima, akazikunja zote akaziweka kwenye banda la mbuzi, akawapa machepeo. Fundi Lutufyo, mwashi wa kijiji, ndiye aliyesimamia kazi, naye hakujua habari za mtandao hata kidogo. Alimfokea Bosi Tabasamu kama alivyomfokea kila mtu, kwamba jiwe haliwekwi hivyo.

Kazi ilichukua Jumamosi nne. Kila Jumamosi wenye simu walipungua, na ya mwisho walikuwa watu kumi na tisa, wote wa Kyimo, wakinyeshewa. Daraja lenyewe si la kujivunia mbele ya wageni: nguzo za mawe, milingoti minene, mbao juu yake. Lori halipiti. Pikipiki inapita, na Joyce anapita, akishika kamba ya pembeni. Baada ya uchaguzi mhandisi alikuja akapima, akaandika, akaondoka, na wanamsubiri.

Kufikia wakati huo nchi ilikuwa imehamia kwa kijana mmoja anayewika kama jogoo. Sokoni Esnath alinunua viazi akapimiwa sado ya kawaida, bila nyongeza. Siku ile nyumbani Ambindwile alipomuuliza habari za soko, akakubali kwamba imemuuma kidogo.

"Nilizoea, Baba Tulia."

"Hata mimi nilizoea," mumewe akasema. "Nilikuwa napata lifti ya bure mpaka mjini."

Mwezi uliopita kijiji kilichagua kamati ya barabara na maji. Jina la Esnath lilitajwa kwa uenyekiti na Fundi Lutufyo, mtu asiyesifu mtu. Alisema ni mwanamke anayebishana sana, lakini huwa anafika saa moja kamili. Mikono ikanyooshwa. Katibu wake ni Joyce, mwenye mwandiko mzuri. Jambo la kwanza waliloanza nalo ni mfereji wa kando ya kanisa, ambao mchungaji anadai si wa kanisa na mwenyekiti wa kijiji anadai si wa kijiji. Esnath amewaita wote wawili mferejini Jumanne, na ameshawaambia waje na viatu vya mpira.