Udongo wa Nne

Mimi nikichangamkia jambo sina breki, na mwaka ule nilichangamkia ubao wa mtandaoni. Ni ukurasa mmoja tu, ila madarasa mawili yaliyo mbali hubandika humo maandishi na picha, na kila upande unaona papo hapo. Darasa langu la nne, huku jirani na mgodi wa Bulyanhulu, liliungana na darasa la rafiki yangu, mwalimu mwenzangu wa kule Kolandoto. Tulikuwa na simu yangu, bando langu, na projekta pekee ya shule.

Hiyo projekta ndiyo iliyokuwa na kesi. Mwalimu mkuu aliitaka iende darasa la saba, wanaojiandaa na mtihani.

"Wewe unachezesha watoto simu," aliniambia. "Nitakuja kukaa kipindi kimoja. Nisipoona sayansi, naondoka nayo."

Nilikasirika hadi masikio yakawaka moto. Nikasema tu, "Karibu, Mwalimu."

Siku aliyokuja tulikuwa na somo la aina za udongo. Kitabu kilitaja tatu: kichanga, mfinyanzi na tifutifu. Nilikuwa nimewaagiza kila mmoja alete udongo wa kwao, tuutie kwenye chupa zilizokatwa, tumimine maji tuone yanapita upesi kiasi gani. Jamani, waliuleta! Mmoja alikuja na wa maduarani, yale mashimo anakochimba baba yake, na wenzake wakataka kwanza wauoshe, huenda una dhahabu. Nikawafukuza kwenye ndoo huku nacheka. Mwalimu mkuu alikaa nyuma, daftari gotini.

Kulikuwa na sheria yake moja. Wengi wetu tumelelewa kwa Kisukuma, na r na l hupeana zamu midomoni mwetu zinavyotaka. Shuleni kwake, anayezichanganya husimama hadi kengele. Kwa ajili hiyo binti mmoja darasani kwangu alikuwa ameacha kabisa kusema. Alikuwa amesimama vya kutosha.

Zamu yake ya simu ilipofika aliandika polepole, tukasoma ukutani: "Mimi nimereta ibambasi. Maji hayaingii. Yanarara juu."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu mkuu akakohoa. Binti akasimama mwenyewe bila kuambiwa, na hilo liliniuma kuliko kicheko. Nikaitazama chupa yake. Maji yalikuwa yametulia juu ya ule udongo mweupe mgumu, hata tone moja halijashuka. Alikuwa amesema kweli tupu!

Kabla sijafungua mdomo, ukuta ukajaa. Kolandoto!

"Hata kwetu ipo!"

"Kwa nini haimo kitabuni?"

"Sasa mvua ikinyesha maji yanaenda wapi?"

Watoto wangu walipanda juu ya madawati, nami nusura nipande nao. Lakini lile swali la mwisho lilimwinua mwalimu mkuu. Alikuja mbele kama mtu aliyeambiwa ng'ombe wake wameingia shambani, akanipokonya simu, akaandika kwa kidole kimoja: "Hayaendi popote. Ndiyo maana baba yangu arikuwa anarima mpunga humo."

Watoto wakatazamana, kisha wakayatazama madaftari yao. Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Samahani, Mwalimu," ilisema sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu muhula uanze. Binti alikuwa bado amesimama. "Ni ‘alikuwa analima.’"

Nilishika ukingo wa meza. Mwalimu mkuu alisoma tena ukutani, midomo ikichezacheza. Akanirudishia simu. Akatembea hadi nyuma, akakipita kiti chake, akaenda kusimama kando ya yule binti, mikono nyuma, kama mwanafunzi.

"Kesho leteni udongo wa mbugani, ule mweusi wa bondeni," alisema. "Projekta ibaki."

Zilikuwa zimebaki dakika ishirini kabla ya kengele. Alisimama zote.