Mlima Ulipoichukua Nyumba Yetu

Juzi nilikuwa napita Kariakoo, mwenzangu, muuzaji mmoja akanisogezea tenga la mafyulisi, yale matunda ya milimani yenye manyoya. "Ya Uluguru haya, Bibi, onja." Nikaonja, nikasimama pale pale kama niliyepigwa kofi. Ladha ile sikuwa nimeionja tangu nina miaka tisa, zamani za Mwingereza, tulipokuwa tukikaa hapo hapo, karibu na Mtaa wa Msimbazi.

Nyumba zetu zilikuwa mbili. Moja ya mjini, na nyingine mlimani Uluguru, aliyoijenga Babu baada ya Vita ya Mjerumani. Vitani alibebeshwa mizigo mpaka homa ikamwangusha, na watu wa mlimani wakamuuguza akapona. Basi akajenga vyumba sita kule mteremkoni, ili watu wa mjini waliochoshwa na joto na maradhi wapate pa kupumzika. Alipofariki, Bibi akaendeleza. Yeye alibaki Kariakoo kuwapokea waliotaka kupanda. Shangazi yangu, dada yake Baba, alikaa kule kuwahudumia.

Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuanika mablanketi, kupeta mchele, kufunga iliki na karafuu vitambaani, vyote vipande gari moshi la Morogoro kisha vibebwe na wapagazi hadi juu. Matenga yalirudi na viazi, kabichi na mafyulisi, na tukiyafungua, ua mzima ulinukia udongo wa baridi. Msimu wa joto nilikuwa napelekwa na mimi. Weee! Ukungu unaingia mpaka jikoni, uji unakuunguza ulimi na bado meno yanagongana. Bibi alikuwa na neno lake: "Mgeni hafukuzwi, hata awe na kero za namna gani."

Ndiyo maana masika ile tulipigwa na butwaa. Asubuhi moja alitokea barazani kwetu mfanyabiashara wa nguo wa Msimbazi, aliyekuwa amepanda kujiuguza. Kanzu yake ilikuwa tope mpaka magotini.

"Bi Mkubwa, binti yako kanifukuza!" alisema. "Mimi na homa yangu, mvua inanyesha, katutoa wote vyumbani. Katupeleka ng'ambo ya bonde tukalale kwenye mikeka ya msikiti. Namuuliza sababu, ananiambia eti chemchemi imekauka!"

Bibi alimtaka radhi mara tatu. Kahawa aliyoletewa, mgeni hakuigusa. Mchana huo habari zilikuwa zimeshaenea mtaani, na watu wakawa wanapita mbele ya nyumba yetu wakituangalia. Bibi akamwita Baba. "Nenda kamnyang'anye funguo. Kanivua nguo mbele za watu."

Baba akapanda gari moshi. Siku ya tatu nilikuwa uani nikipeta mchele, nikawaona wanaingia wote wawili. Shangazi alikuwa mbele, peku, kanga imekauka na udongo mwekundu. Baba alikuwa nyuma yake, ameinamisha kichwa.

"Shikamoo, Mama."

Bibi hakuitikia. "Umeifunga nyumba ya baba yako?"

"Mama, nyumba haipo." Shangazi alisema taratibu, kama anamwambia mtoto. "Mvua kubwa, na chemchemi ya nyuma ya jiko ikakatika ghafla. Mlango wa jiko ukawa haufungiki. Nikajua ardhi inasogea, nikaogopa, nikawatoa watu. Siku ya pili yake mlima ukashuka. Hata bati moja sikuliona."

Ungo ukaniponyoka, mchele ukamwagika wote. Hakuna aliyenigombeza.

"Na wageni?" Bibi aliuliza.

"Wazima wote. Wako Morogoro."

Baba akatumwa kumwita yule mfanyabiashara. Alikuja akiwa bado amekunja uso. Alipoelezwa, aliuliza jambo moja tu: "Na chumba changu?"

"Ndicho kilichotangulia," akasema Shangazi.

Mtu mzima yule aliketi chini sakafuni. Akaomba maji, akapewa, akayanywa yote.

Lakini kilichonishtua zaidi kilikuja baadaye. Bibi, ambaye hata Baba alikuwa akimwogopa, aliinuka akamshika Shangazi mikono yote miwili. "Nilikuhukumu bila kukusikia. Nisamehe, mwanangu." Sikuwa nimewahi kusikia mzazi akimwomba mtoto wake msamaha. Shangazi ndipo akalia. Njia nzima, Baba alisema, hakuwa ametoa chozi.

Hatukujenga tena. Shangazi alifungua mgahawa mdogo Ilala, na yule wa Msimbazi alikula pale kila Ijumaa mpaka mwisho wa maisha yake.

Sasa wote wametangulia. Hata nyumba ya Kariakoo imevunjwa, na mahali pake limesimama ghorofa. Kati ya wote waliolala katika vile vyumba sita, nimebaki mimi peke yangu. Na juzi, nikitembea kurudi nyumbani, nilijaribu kukumbuka mlango wa mbele wa nyumba ile ya mlimani ulitazama upande gani. Sikuweza.