Kisogo cha Namba Sitini na Nne

Ambroise alikuwa kinyozi. Chumba chake cha kunyolea kilikuwa kwenye mteremko wa Nsambya, chini kidogo ya hospitali, mahali pasipokosa wateja: askari polisi, wazee waliostaafu reli, na jamaa za wagonjwa ambao wakati mwingine waliingia kunyolewa ili tu wapate pa kukaa nusu saa bila kunusa dawa. Lakini ukinyozi aliuanzia Kampala. Kwao Uvira, kabla vita havijamtoa, alikuwa mwalimu wa michezo, na timu yake ya wavulana iliwahi kushinda miaka miwili mfululizo bila kuwa na mchezaji hata mmoja wa kutisha. Watu walisema yule mwalimu ana jicho.

Mkewe Séraphine alitangulia kuingia Uganda, pamoja na mama yake na mtoto wao wa kike aliyekuwa bado ananyonya. Ambroise alifika mwaka mmoja baadaye. Mwaka huo mmoja ndio uliomponza. Séraphine aliandikishwa kuhamia Amerika kama mkimbizi kwenye faili la mama yake, yeye akafunguliwa faili lake peke yake, na mafaili mawili hayatembei mwendo mmoja. La Séraphine likapita. Princesse alikuwa na miaka minne siku walipoagana Entebbe, kofia ya sufi kichwani kwenye jua kali, kwa sababu mtu alikuwa amewaambia huko waendako ni baridi.

"Nawe utafuata," walimwambia. "Miezi michache tu."

Miezi ikawa miaka mitano. Mwishoni mwa mwaka wa tano faili lake lilizinduka: akapimwa afya, akadungwa chanjo, akapewa tarehe ya kusafiri, ya kumi na mbili Februari. Aliuza kitanda akalala chini kwa furaha. Januari ikaja habari kwamba safari zote za wakimbizi kwenda Amerika zimesimamishwa. Tarehe kumi na mbili alinyoa watu kumi na saba, na hakuna aliyejua ni siku gani. Mwaka mzima ulikuwa umepita tangu hapo, vipimo vyake vya afya vimekwisha muda, na kila alipouliza aliambiwa angoje.

Alichobaki nacho ni simu. Princesse alimpigia saa kumi jioni ya Kampala, ambayo kwao Iowa ni saa moja ya asubuhi, kabla basi la shule halijafika. Mwanzoni alimweleza baba yake kila kitu. Kisha Kiswahili kikaanza kumtoka, taratibu.

"Uko namna gani, mama yangu?"

"Niko muzuri, Papa."

"Ulikula nini?"

"Chakula."

Halafu kimya, na Ambroise akisikiliza pumzi ya mtoto wake kana kwamba nayo ni maneno.

Mpira ndio uliofungua kinywa chake. Siku moja, akiwa na miaka saba, Princesse alianza kueleza habari za mpira wa Wamarekani, ule wenye umbo la papai changa, unaochezwa na watu waliovaa kofia ngumu. Jimbo lao halina timu kubwa, akasema, kwa hiyo kila mtoto shuleni huchagua ya jimbo la jirani. Yeye alichagua timu ya jezi za zambarau, kwa sababu ya rangi. Alizungumza dakika kumi na mbili. Pale Kiswahili kilipomkatikia aliruka kwa Kiingereza, akatua tena upande wa pili. Ambroise hakuelewa hata theluthi. Lakini siku ya pili yake alifungua simu, akatafuta mchezo huo, akaanza kujifunza.

Mzee Siraje, Mnubi wa Bombo aliyeendesha malori miaka thelathini na sasa ndiye mwenye chumba kile na televisheni iliyokuwemo, hakupendezwa.

"Mwalimu, mpira gani huu? Watu wanacheza kidogo, wanasimama sana. Mimi naona kama kituo cha ukaguzi wa malori."

"Ndiyo maana ni mzuri, Hajji. Kila wakisimama wanapanga. Wana nafasi nne za kusogea hatua kumi hivi. Wakifika, wanapewa nne nyingine. Wakishindwa, wanawapa wenzao mpira. Basi."

"Na yule anayerusha?"

"Yule ndiye roho yao. Ama anampa mpira mtu akimbie nao, ama anaurusha mbele. Kazi ya wapinzani ni kujua mapema ni lipi kati ya hayo mawili."

Siraje akakuna kidevu. Tangu siku hiyo, ingawa hakuacha kulalamika, hakuzima televisheni tena.

Januari hii Zambarau waliingia kwenye hatua ya mchujo, ambapo ukishindwa mara moja umekwenda nyumbani. Walipangiwa timu ya jezi za dhahabu, ambayo kila mtu aliiogopa. Jumatatu Princesse alipiga simu akihema.

"Papa, mwalimu anasema kila mutu aandike nani atashinda na juu ya nini. Ijumaa tunasoma mbele ya darasa. Watoto wote wanasema tu, tutashinda sababu tuko wakali. Mimi nataka ya kweli."

"Ya kweli nitakutafutia."

Wiki nzima ile alitafuta. Asubuhi kabla ya wateja, na mchana mvua ilipowafukuza, alitazama michezo sita ya Dhahabu kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Aliandika kwa sabuni pembeni mwa kioo cha kunyolea: mistari, misalaba, mishale. Mteja mmoja, katekista aliyeitwa Tarcisio, aliuliza kama hizo ni hesabu za kanisa. Ambroise akamwambia ni za binti yake, na Tarcisio akanyolewa huku mishale ikimpita usoni.

Aliona ambacho kila mtu alikiona: Dhahabu hukimbia na mpira, hukimbia tena, hukimbia tena, mpaka walinzi wakasogea wote mbele kuwazuia, ndipo mrushaji anajifanya kumpa mkimbiaji mpira, anabaki nao, anautupa mbali nyuma ya migongo ya walinzi. Hilo lilikuwa kwenye magazeti. Halikuwa lake.

Lake alilipata Alhamisi. Alikuwa amenyoa visogo kwa miaka mingi, na kisogo cha mtu hakimdanganyi kinyozi. Kati ya wale majitu watano wanaoinama mbele kumkinga mrushaji, wa pili kutoka kushoto, jezi namba sitini na nne, alikuwa na shingo nene yenye mikunjo mitatu. Kila picha ilipoonyeshwa kwa nyuma, Ambroise aliiangalia shingo ile kwa mazoea tu ya kazi. Mara akagundua kwamba kuna wakati ina mikunjo na kuna wakati haina. Akarudisha picha. Akarudisha tena. Jitu lile likijua wenzake watakimbia, liliegemea mbele, uzito wote kwenye vidole, shingo ikanyooka. Likijua mpira utarushwa, lilikaa nyuma kidogo tayari kupokea watu, kichwa kikainuka, mikunjo ikarudi. Na walipojifanya kukimbia kumbe wanarusha, mikunjo ilikuwepo vilevile.

Alihesabu mara hamsini na moja. Shingo ilisema kweli mara arobaini na saba.

Aliweka mashine chini, akatoka nje kwenye kibaraza, akasimama. Moyo ulimwenda mbio kama siku zile za Uvira, alipokuwa akiona kitu uwanjani kabla ya mtu mwingine yeyote na kugeuka kutafuta wa kumwambia. Akageuka. Palikuwa na Siraje, amesinzia na tasbihi mkononi.

Basi akaiambia simu. Sauti aliyomtumia Princesse ilikuwa ya dakika kumi na moja.

"Sikiliza, Princesse. Usiandike kwamba tutashinda. Andika kwamba tutashinda *kama*. Dhahabu wana uongo mmoja mzuri sana, na uongo huo unataka wewe ukimbilie mbele. Walinzi wetu wa kati wasikimbilie mbele. Wamtazame sitini na nne. Shingo ikinyooka, wajazane katikati, mkimbiaji hana njia. Shingo ikikunjika, wawili wa pembeni wamvamie mrushaji hapohapo, wasimpe nafasi ya kuvuta pumzi. Mimi nimeona kwenye simu iliyopasuka, mama yangu. Makocha wetu wenye vioo vikubwa nao wameona. Na kama hawakuona…" Hapo alicheka. "Kama hawakuona, waambie wanitumie tiketi."

Ijumaa jioni Princesse alipiga simu kabla ya kuingia darasani, akayarudia yote kwa Kiingereza kama maombi. Jumamosi akapiga tena.

"Papa! Mwalimu alinipa chaki nikachora. Watoto wa kiume walinyamaza, wote. Mwalimu akauliza, baba yako ni kocha wa timu gani? Nikasema, wa Uvira."

"Ulisema hivyo?"

"Ndiyo. Akauliza, anakuja lini? Nikasema, bado kidogo."

Ambroise alikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa imenyolewa. Aliomba radhi, akaenda kuosha uso.

Mchezo ulichezwa Jumapili yao. Ambroise hakuutazama ulipokuwa unachezwa. Alizima simu, akalala. Jumatatu asubuhi alifungua duka mapema, Siraje akaja na birika la chai ya tangawizi, wakaketi wawili kuutazama uliorekodiwa bila kujua matokeo.

"Shingo imenyooka," alisema Ambroise. "Wanakimbia."

Wakakimbia, wakagonga ukuta wa Zambarau.

"Mikunjo. Anarusha."

Mrushaji akarudi nyuma, na wawili wa pembeni wakamwangukia kabla hajainua mkono. Siraje alimwaga chai.

"Wallahi, wameona! Mwalimu, wameona ulichoona wewe!"

Mpaka mapumziko Zambarau waliongoza kumi na saba kwa tatu. Wateja wawili walikuwa wamejiunga, hawajui hata sheria, wanapiga kelele tu kila Ambroise aliposema "mikunjo." Alikuwa amesimama. Alikuwa akitembea mbele ya televisheni, mikono nyuma, kama mtu aliye pembeni mwa uwanja.

Baada ya mapumziko, katika nafasi ya tatu tu, sitini na nne alianguka akashika goti. Walimtoa akichechemea. Akaingia kijana mwembamba wa shingo, aliyeinama sawasawa kila mara, hanyooki hakunjiki, shingo isiyosema lolote. Ambroise aliketi. Alijua kabla ya kuona. Dhahabu walikimbia, wakakimbia, wakakimbia. Walinzi wa Zambarau, waliokuwa na pa kutazama na sasa hawana, wakaanza kusogea mbele hatua moja moja. Zikiwa zimebaki dakika mbili, mrushaji alijifanya kumpa mkimbiaji mpira. Ulipita juu ya kila mtu. Dhahabu wakashinda ishirini na nne kwa ishirini na moja.

"Haikuwa kosa lako," alisema Siraje.

"Sikuandaa la pili, Hajji. Kocha anaandaa la pili."

Lakini siyo hilo lililomkaa kifuani mchana kutwa. Mpira ule hauchezwi tena na Zambarau mpaka Septemba. Miezi minane. Alifikiria "niko muzuri" na "chakula", akaona jinsi miezi minane ilivyo mirefu, na jinsi Kiswahili cha mtoto wa miaka kumi kinavyoweza kuisha ndani yake kama sabuni ndani ya maji.

Saa kumi simu ililia. Princesse alikuwa akilia pia.

"Alianguka, Papa. Yule wa shingo alianguka."

"Niliona. Pole sana, mama yangu. Mpango wako ulikuwa wa kweli."

"Nilijua. Watoto pia walisema Ijumaa."

Ikaja ile pumzi. Ambroise alitafuta swali, lolote lisilo la chakula, asilipate. Kisha akasikia mlango ukifunguka upande wa pili, buti zikikung'utwa theluji, na sauti aliyokuwa akiisikia mara moja kwa wiki, imechoka, kwa kuwa mwenye nayo alifanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama na mchana alilala.

"Ni Papa? Nipe." Kishindo kidogo. "Ambroise?"

"Séraphine. Umetoka kazini?"

"Ndiyo nimefika sasa hivi. Ile sauti yako ya mpira. Ya dakika kumi na moja."

"Ile ya Princesse?"

"Mimi nami niliisikiliza. Aliniachia kwenye simu. Tangu Alhamisi, kwenye basi, kwenda na kurudi. Sielewi habari za shingo, lakini nimeijua kwa kichwa. Pale unapocheka, ninangojea pale."

Ambroise alishika ukingo wa kiti cha kunyolea.

"Sasa mpira umekwisha," alisema.

"Umekwisha. Basi tuma kingine."

"Nitume nini?"

"Sijui. Eleza tu. Eleza hapo ulipo. Lakini iwe ndefu, basi linachukua dakika arobaini."

Basi la shule likapiga honi huko kwao. Princesse akapiga kelele za kuaga, mlango ukabamizwa. Séraphine hakukata. Mteja aliingia, askari mwenye kofia mkononi, Ambroise akamwonyesha kiti kwa kidole na kumwomba kwa macho amvumilie kidogo. Akatoka kibarazani. Akaanza kumweleza mkewe jinsi mvua inavyopanda kutoka upande wa Port Bell, jinsi watawa wawili wanavyokimbia na beseni moja juu ya vichwa vyao, jinsi Mzee Siraje anavyolala mdomo wazi, na Séraphine, mbali kule, akivua buti, akawa anasema, "Endelea. Niko nasikia. Endelea."