Wewe Nakujua, Kontena Silijui

Mke wangu anafanya kazi ya makontena, na ukishamwambia mtu hivyo umekwisha. Mama yangu mzazi aliposikia, alisema, "Basi likifunguliwa lenye friji, mtukumbuke." Jirani naye kila akituona anauliza mzigo wake utatoka lini bandarini. Jamani! Nimeeleza mpaka mate yamenikauka.

Haya, naeleza tena. Ofisini kwao wanatengeneza programu za kompyuta za zahanati. Programu haisafiri peke yake, inafungwa pamoja na kila inachohitaji ili ifanye kazi popote itakapofika, na furushi hilo ndilo wanaloliita kontena. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo kwangu ni suti inayotumwa na vifungo vyake na mkanda wake. Wa mwisho kuligusa ni mke wangu. Kwanza analifumba: vyote vilivyomo vinavurugwa, asiye na ufunguo akichungulia anaona takataka tupu. Halafu kompyuta inapiga hesabu ya vitu vyote vya ndani na kutoa alama, mstari mrefu wa herufi na tarakimu, naye anaitilia sahihi. Ukibadilisha kitu humo, hesabu inatoka nyingine kabisa. Kompyuta ya zahanati nayo inapiga hesabu yake, na ikikuta tofauti, haifungui ng'o.

Kazini wanamwita Lakiri, kama ile nta ya kufungia barua kwa muhuri, na jina limemkaa. Nyumbani kwetu hata kopo la sukari linafungwa kama sanduku la benki. Namtania, anacheka, anaendelea kufunga. Ni mwanamke anayeipenda kazi yake, na mimi nampenda akiwa hivyo.

Sasa, Lakiri ana mdogo wake wa kiume, wa tumbo moja, na wamebaki wawili tu. Amemlea yeye tangu mama yao alipofariki. Shemeji huyu ana mdomo, ana haraka, ana akili nyingi. Aliajiriwa ofisi ileile, na programu yake ya kwanza ilikuwa ya wodi ya watoto: muuguzi anaingiza uzito wa mtoto, kioo kinamwambia ampe dawa kiasi gani.

Siku ya kufungua wodi, kontena limeshatiwa sahihi, shemeji akaona kosa. Mahali pa kuandika "baada ya kula" aliandika "baada ya kulala." Loo! Nani anameza dawa usingizini? Ufunguo alikuwa nao, kwa hiyo akalifungua kontena kwenye kompyuta yake, akafuta silabi moja, akalifunga, akalituma bila kumwambia mtu. Kule zahanati kompyuta ikapiga hesabu, ikagoma.

Mimi nilikuwa pale ofisini nikipachika mapazia, kwa hiyo sihadithii ya kusikia.

"Dada, litilie sahihi tu," shemeji alisema. "Aliyeligusa ni mimi."

"Umefanya vizuri kuliona kosa. Sasa rudi mwanzo, ulirekebishe kwenye programu yenyewe, mwenzako aipitie, tuifunge upya."

"Hiyo ni kesho! Wodi inafunguliwa leo. Silabi moja, dada! Kwani hunijui mimi?"

"Wewe nakujua. Kontena silijui."

Mkurugenzi akatokea mlangoni, simu sikioni, akauliza kama hakuna namna. Mke wangu akamwambia namna ipo, ni hiyohiyo aliyoisema. Mkurugenzi akawaomba zahanati waandike kwa mkono mpaka kesho yake. Shemeji akatoka, mlango ukalia pa! Mimi juu ya ngazi, pazia mkononi, nikajifanya sipo.

Kesho yake lile kontena likachunguzwa. Hakikukutwa kingine kilichobadilishwa ila silabi ile. Kijana alikuwa mkweli, na hapo ndipo aliponuna zaidi. "Umenidhalilisha bure mbele za watu," alimwambia dada yake. Kazini waliendelea kusalimiana kwa kichwa, lakini kwetu akakata mguu. Jumapili mke wangu alipakua sahani ya mdogo wake kwa mazoea, kisha akarudisha chakula sufuriani.

Iliniuma. Nikamwambia, "Si ungemtilia tu, mama watoto? Hakukosea."

"Hakukosea," alijibu, anakunja nguo. "Lakini saa ile mimi sikujua. Na wale wazazi wenye watoto kule wangejuaje?"

Nilikasirika, kwa sababu alisema kweli. Yeye alilia kidogo, akajifuta, akaniuliza kama chai imebaki. Lakiri ndiye huyo, halali na kinyongo, lakini hasogei alipo.

Wiki zikapita. Jioni moja anakanda unga, simu yake ikaita, na jina kwenye kioo lilikuwa la mdogo wake. Mikono yote ilikuwa na unga, nikampokelea nikaiweka sauti ya juu. Shemeji alikuwa zahanati ileile. Binti yake mdogo alikuwa amepandwa na homa kali, tulimsikia akilia pembeni. Muuguzi alikuwa ameshampima uzito, kioo kimeshataja kiasi cha dawa.

"Dada," alisema. "Hii programu iliyo mbele yangu, umeifunga wewe?"

"Nimeifunga mimi."

"Una hakika hakuna aliyeingiza mkono baada yako? Hata kwa nia nzuri?"

"Angeingiza, kompyuta yao isingeifungua."

Tukamsikia akishusha pumzi. "Haya, sista, mpe," akamwambia muuguzi. Kisha akarudi kwenye simu. "Dada, usikate kwanza."