Fundi wa Picha Anayewachezesha Wapiga Mieleka

Saa mbili asubuhi. Dulamsuren anapaka jeli ubavuni mwa mpiga mieleka wa kilo mia na kumi, anakandamiza mkono wa mashine ya altrasaundi, anatazama kioo. Msuli unaonekana mzima.

"Si nilikuambia, dada?" anasema Dashnyam, kijana wa miaka ishirini na minne. "Nilivimbiwa tu na maziwa ya farasi. Andika niende zangu."

Dulamsuren haandiki. "Simama, mdogo wangu. Cheza ngoma ya tai."

"Humu ndani?"

"Kwani tai huomba uwanja? Cheza!"

Zimebaki siku tano kufika Naadam, sikukuu ya taifa la Mongolia yenye mashindano ya mieleka. Dashnyam akishinda raundi tano anapata cheo cha Kipanga, ambacho babu yake alikitafuta mpaka magoti yakamkatalia. Ndiyo maana anacheka hovyo. Wapiga mieleka wetu ndivyo walivyo: kuumia si aibu, aibu ni kusema.

Anakunjua mikono, anazunguka taratibu kama afanyavyo kabla ya pambano. Dulamsuren anamfuata na mashine, ameinama, kama fundi cherehani anayempima mtu asiyetulia. Kijana anapogeukia kushoto, msuli wa ubavu unaachana kwenye kioo. Ufa mweusi, sentimita mbili.

Mama huyu ana miaka hamsini na mmoja. Ishirini na mitatu ameimalizia katika chumba hiki cha Ulaanbaatar. Kiangazi hupima watu arobaini kwa siku, na bega lake la kulia halimpi usingizi.

Kumpima mtu akicheza hakufundishwa chuoni. Miaka tisa iliyopita alimpima mdogo wake wa kiume, Byambadorj, naye mpiga mieleka, akiwa amelala chali, ametulia tuli. Akaandika: hakuna jeraha. Raundi ya tatu msuli ukakatika wote, na Byambadorj hajaingia uwanjani tena.

"Msuli uliolala unadanganya," anasema. "Nami nikakubali kudanganywa. Kosa ni langu, simsingizii mtu."

Dashnyam ameuona ufa. Hacheki tena.

"Dada, babu ameshatoka kijijini. Andika hakuna kitu. Nakuomba."

"Babu utakaa naye jukwaani, mtazame wote. Mwakani utakuwa na miaka ishirini na mitano, si themanini."

"Una roho ngumu wewe!"

"Ninayo. Vaa shati, mpelekee daktari picha hii."

Analia, jitu zima, bila kujificha. Inauma kumtazama. Dulamsuren anampa taulo la kufutia jeli, naye anafutia uso.

Baada ya sikukuu, Dulamsuren atakwenda jimboni kwao na mashine ndogo ya kuazima, akawafundishe wauguzi kupima mtu akiwa amesimama, anacheza. Wa kuchezea somo la kwanza ameshapatikana: Byambadorj, mwenye kovu lake.

"Alikubali bila ubishi," anasema, akifuta kioo ambacho tayari ni kisafi. "Aliniuliza jambo moja tu: 'Dada, safari hii utaniangalia vizuri?'"