Sala Kando ya Choo cha Basi

Kila basi la Joburg linaposimama mbele ya meza yangu ya makava ya simu, hapa stendi ya Durban, na kijana wa usafi anapofungua choo chake, ile dawa ya buluu hunipanda puani kabla sijageuka. Inanuka kama pipi iliyoozea chooni. Jirani yangu wa meza husema, eish, harufu tu hiyo. Yeye hakukaa nayo kutoka Chicago mpaka Louisville.

Nilikuwa na miaka kumi. Mama mdogo Furaha, mdogo wake mama aliyehamia Amerika zamani, alikuwa apasuliwe moyo kesho yake asubuhi, na mama alitaka kumshika mkono kabla. Ndege ilituacha Chicago. Kilichobaki kilikuwa basi. Tulipata viti vya mwisho kabisa, ubavuni mwa mlango wa choo usiofungika. Hata kabla injini haijawashwa nilihesabu watu saba walioingia chooni, nikahesabu tena: saba, na hakuna aliyetoka na mikono yenye maji. Kiti changu kilikuwa na unyevu ambao sikutaka kujua asili yake. Mzee wa mbele yetu alivua soksi, akazianika juu ya mgongo wa kiti, kisha kwa vidole hivyo hivyo akafungua mkate wenye yai.

Mama hakulalamika. Alikuwa anangoja kitu kingine. Mabasi tuliyoyazoea Durban hayakutoka stendi kabla mtu hajasimama kuikabidhi safari kwa Mungu.

"Hapa hakuna mtu wa kusali?" akaniuliza.

"Mama, huku hawasali kwenye basi."

"Ndiyo maana choo iko hivi."

Akasimama. Mama akisali, hata mtaa wa pili unajua. Dereva akaja mpaka nyuma, akaniambia kwa Kiingereza: akae, ama ateremke.

"Dakika tano," nikasema.

"Sasa hivi."

"Mbili."

Hakupunguza hata moja. Nikamvuta mama kitenge. "Mama, fupisha! Anataka kututeremsha!"

Hapo mzee wa soksi akageuka na dola moja, akaisukuma mkononi mwa mama. "Chukua, unyamaze," alisema. Kiingereza kile nilikisikia mimi, mama hakukijua. Mama akasema amina, akainamisha kichwa kama mtu anayeshukuru, akaketi. Dereva akarudi kwenye usukani.

Amedhani ni sadaka, nikajiambia. Njia nzima sikuweza kumwangalia usoni.

Mwaka jana, tukimenya vitunguu kwake mtaani Overport, nikamwambia hatimaye: "Mama, yule mzee wa soksi alikuona ombaomba."

Hakuinua hata kichwa. "Nimeuza vitenge sokoni Isipingo miaka mingapi, we mtoto? Sura ya mtu anayenitupia mfupa siijui? Ningemrudishia, ingekuwa kelele, na yule dereva angetuacha barabarani. Furaha alikuwa ananingoja."

Ndipo nikaikumbuka jioni ile hospitalini. Furaha alinyoosha mkono kutoka kitandani, na mama, aliyevuka bahari nzima kwa ajili ya mkono huo, akamwambia angoje kwanza. Alikwenda kwenye sinki, akanawa kwa sabuni, akanawa tena, hasa kile kiganja kilichopokea dola, hadi muuguzi akamtazama. Kisha akaushika.

Nilidhani alikuwa anaosha uchafu wa basi.