Akika ya Mbuzi Mmoja

Siku hizi mjukuu akikaribia kutimiza mwaka, wazazi wake hukaa sebuleni wakabishana juu ya keki. Mmoja anataka kubwa, mwingine anasema hali hairuhusu. Wakiniuliza siku yangu ya kuzaliwa ilikuwaje, nawaambia ukweli kwamba sikuwa nayo. Nani aliandika tarehe kule kwetu Kurui? Mtoto alizaliwa wakati wa vuli, au wakati watu wanavuna mpunga, basi, imekwisha. Shughuli ya mtoto ilikuwa akika, kumchinjia mbuzi na kumnyoa nywele za tumboni, na akika ya mwanangu wa kwanza mpaka leo nikiikumbuka uso unaniwaka.

Niliolewa Mbwawa, siku zile Wazungu wanapigana vita vyao vya pili na sisi huku tunahangaika kutafuta sukari na nguo. Mume wangu alilima muhogo, na kiangazi alichoma mkaa. Tulikaa uwanja mmoja na mama yake, nyumba yake na yangu zikitazamana. Mwanetu alipozaliwa hatukuwa na kitu, akika ikangoja. Akaota meno, akatambaa, akasimama dede, na nywele alizotoka nazo tumboni bado ziko kichwani hazijanyolewa. Watu hawakusema neno, lakini macho wanayo.

Kilichonichoma zaidi kilikuwa habari ya dada yangu mkubwa. Akika ya mwanawe kule Kurui chakula kilikwisha kabla nusu ya watu hawajanawa mikono. Waliobaki walirudi makwao na harufu ya mchuzi puani, wakaiita akika ya kunusa. Na yule mtoto naye, maskini wa Mungu, akaitwa mtoto wa kunusa. Mpaka anasoma chuoni, kwenye Kurani, wenzake wanamwimbia hivyo hivyo. Nikaapa kwamba kwangu hatatoka mtu na njaa. Wanicheke kwa jingine lolote, si kwa hilo, na mwanangu asibebe jina la sufuria tupu.

Mume wangu alitaka shughuli ndogo. Tumwite mwalimu na watoto wa chuo, tuchinje, tusome dua, tule, kila mtu aende zake. Mtoto wa kiume mbuzi wawili, lakini asiye na uwezo hata mmoja unatosha, na sisi tulikuwa na mmoja. Akaniambia mtu hujikuna ajipatapo. Nikamjibu ajikune peke yake, mie nataka watu. Nilimsumbua huyo bwana mpaka Ijumaa moja akatangaza msikitini, na shughuli ikishatangazwa msikitini huchagui tena wageni. Anayesikia amealikwa.

Ndipo nikaanza kupiga hesabu, na hesabu ikakataa. Shughuli nyingine unachukua shoka unapasuapasua mifupa, mbuzi mmoja anageuka vipande vingi, kila sinia linapata chake. Akika haiko hivyo. Mifupa ya mbuzi wa akika haivunjwi, unatenganisha kwenye viungo tu, ili viungo vya mtoto navyo visalimike. Nilikuwa nikimtazama yule mbuzi anatafuna majani, naona mapaja yake ni makubwa na ni machache. Basi nikasema pengo la nyama litazibwa na mchuzi. Nitakamua nazi nyingi, nitatia mabilinganya na ndizi mbichi, na wali uwe mwingi wa kumziba mtu macho. Doti ya khanga niliyoiweka tangu harusi, sijaivaa hata siku moja, nikaitoa kwa mchele. Nguo ilikuwa adimu, kwa hiyo sikupunjwa.

Mama mkwe alikuwa ananitazama tu. Alasiri moja alikuja kibarazani akaniuliza kwa upole kama mchele unatosha. Nikamwambia upo tele, na nilimwambia kwa sauti ya kumfukuza. Akasema haya, akarudi kwake. Siri ya mtungi aijuaye kata, na yeye alikuwa anaingia na kutoka jikoni kwangu kila siku. Nilijidanganya kwamba hajui.

Siku yenyewe watu walijaa. Wanaume mikekani mbele ya nyumba, wanawake uani nyuma, watoto wa chuo chini ya ukuta wanasukumana. Mwalimu alisoma, mtoto akanyolewa, akalia, akanyamaza. Mimi nilikuwa jikoni natoka jasho na hofu. Katikati ya hayo akaingia mama yangu mzazi kutoka Kurui, mwendo wa siku mbili kwa miguu, vumbi mpaka magotini, na kikapu cha mchele kichwani. Nikamwamkia, nikampokea kikapu, nikautia mchele ule kwenye sufuria ya pili, nikamwambia akakae na wenzake chakula ki karibu. Sikumpa hata kikombe cha uji. Niliona ya nini, na wali unaiva?

Tukapakua. Nilipeleka masinia, nikasimama mlangoni kusubiri sauti ya mtu kuomba nyongeza. Hakuomba mtu. Mara nikaona wanawake wananawa mikono. Sinia la kwanza likarudi na wali zaidi ya nusu. La pili hivyo hivyo. Sinia alilokula mama yangu na mama mkwe lilikuwa limemegwa pembeni kidogo tu, kama limeliwa na kuku. Kule mbele kwa wanaume nako masinia yanarudi yamejaa, mapaja ya mbuzi hayajaguswa.

Loo, nilipandwa na hasira. Wao nao wanajiona nani, wakikataa chakula changu? Nikatoka mpaka mbele, kwenye wanaume, kitu ambacho mwanamke wa heshima hakifanyi, nikauliza kwa sauti chakula changu kina kasoro gani. Kama kina chumvi waseme. Kama kina sumu waseme. Mume wangu alinikonyeza nirudi ndani, sikumwona, au nilimwona nikampuuza. Watu wote wakainamisha vichwa. Aliyekuwa bado anakula ni mmoja, mtani wetu, Mnyamwezi aliyekuja zamani kukata mkonge akabaki. Mtani anajulikana, husema analotaka na humkasirikii. Alimeza tonge lake kwanza.

"Shemeji, usiwalaumu hawa," akasema. "Wameshiba makwao. Mama mkwe wako alipita nyumba kwa nyumba akiwaomba wale kabla ya kuja, chakula chako kisije kikapunguka ukaaibika. Mimi hakuniambia, mtani haambiwi. Niletee hayo masinia."

Wengine walicheka, kisha wakaacha. Mwalimu alikohoa akashika tasbihi yake. Nilitamani ardhi ipasuke. Si kwamba walijua sina kitu, hilo nadhani hata mie nilijua wanalijua. Kilichonivunja ni kwamba walikuwa wamekaa wote, kila nyumba, wamenionea huruma kwa pamoja, na mie napitapita na khanga kiunoni nikijifanya mwenye shughuli. Walikuja wameshiba ili wanisitiri, nami nimesimama mbele yao nawafokea kwa kunisitiri. Mume wangu alikuwa anachomoa uzi wa mkeka, haniangalii.

Mtu mwenye haya angerudi ndani akalia. Mie nikazidisha. Nikawaita watoto wa chuo, nikamwita na mtani, nikawaambia chukueni vyote. Nikawafungia wali kwenye majani ya mgomba, nikagawa nyama, nikakwangua sufuria zote mbili mpaka ukoko nikautoa. Wifi yangu alinishika mkono akisema tuweke kidogo cha jioni. Nikamwambia nyumba hii haili makombo ya huruma. Mama mkwe alijifunga khanga yake vizuri, akavuka uwanja kwenda kwake. Wala sikumfuata.

Jua lilipoanza kushuka watu walikuwa wameondoka. Nilikuwa nasugua sufuria kwa mchanga kwa hasira zile zile. Mama yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, mtoto amelala mapajani mwake na kichwa chake kipya kinang'aa. Akaniuliza, sauti ya chini, kama ukoko ulibaki. Nikadhani ananihurumia naye kwa kazi ya kukwangua, nikamjibu hakijabaki kitu, nimeshamaliza. Akasema haidhuru. Mie nikageuka kumtazama, maana mama yangu si mtu wa kuuliza ukoko bure.

"Tangu jana asubuhi nimekula muhogo mmoja," akasema. "Nilipoona wenzangu wananawa, nikanawa. Ningefanyaje, ukweni kwa mwanangu, nibaki peke yangu na mkono siniani?"

Hakuna aliyemwambia. Aliingia watu wameshakaa, na mama mkwe katika kupita kwake kote hakumfikiria aliye njiani kutoka Kurui. Mie nami sikumtazama usoni tangu alipoingia. Nilitazama sufuria.

Muhogo ulikuwa shambani haujang'olewa. Moto ulikuwa umezimika. Ndani hapakuwa na unga, wala mchele, wala punje. Nyumba ya karibu yenye chakula kilichopikwa ilikuwa ile ya pili, kwa mama mkwe, kwa sababu yeye naye alipika asubuhi akala kabla ya kuja kwangu. Nikachukua bakuli. Uwanja ule ni hatua chache, lakini nilisimama katikati yake kwa muda, nikarudi, nikatoka tena. Nikapiga hodi. Mama mkwe alifungua akaniona na bakuli mkononi, akangoja niseme mwenyewe, na sikuwa na namna.

"Mama," nikamwambia, "naomba chakula. Mama yangu ana njaa."